Mwewe na Mwanamke wa Gauni la Njano

Watu wa mtaani walimwita Mwewe, na jina lenyewe hawakumpa kwa mapenzi. Mwewe hunyakua kifaranga akapaa; naye alinyakua sura za watu akaenda zake. Umekaa zako kwenye ngazi ya duka, unachokonoa meno, huna habari na dunia, mara unasikia kach! Ukigeuka unaona mgongo wa mwanamume mwembamba mwenye fulana iliyopauka, anatokomea kwenye kona. Umeshaibiwa, na mfukoni hakijapungua kitu. Sasa wizi wa namna hiyo utakwenda kuushtaki wapi?

Ndiyo maana walimshuku, na mimi siwalaumu. Fundi viatu alisema ni mtu wa manispaa, anahesabu vibanda vya kuvunja. Kinyozi alisema ni mpelelezi, anamtafuta mtu, na tangu siku hiyo kinyozi mwenyewe akawa ananyoa huku ameupa mlango mgongo, sijui alikuwa na lake gani. Mama mmoja muuza ndoo, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, siku moja alimkamata ukosi.

"Wee! Nani kakutuma?"

"Hakuna, mama yangu."

"Hakuna mtu anayehangaika juani bure. Sura yangu unaipeleka wapi?"

"Nitakuletea picha yako, mama."

"Picha yangu ninayo, iko ukutani kwangu, nimevaa nimependeza. Hiyo yako mimi nina kilemba kimekwenda upande na mdomo wazi. Ifute!"

Akaifuta. Roho ilimuuma, maana mdomo ule wazi ndio hasa alioutaka.

Kazi ya kumpa ugali alikuwa nayo, msije mkadhani ni mzururaji. Alikuwa na studio, chumba kimoja chenye pazia la buluu, stuli, taa mbili na kioo cha kuchania nywele, aliyoiendesha pamoja na rafiki yake wa tangu utotoni. Huyo walimwita Cheka-Kidogo, kwa sababu ndilo neno alilowaambia wateja kutwa nzima, hata wale wa picha za vitambulisho, ambao wakicheka picha zao hukataliwa.

"Ndugu yangu," Cheka-Kidogo alimuuliza mara nyingi, "wateja wanakuja hapa kwa miguu yao, wamejipaka mafuta, wanataka kupigwa. Wewe unakwenda kuwavizia wasiotaka. Huko nje unatafuta nini hasa?"

"Hapa ndani wanatuletea nyuso walizozipiga pasi," Mwewe alimjibu. "Mimi nazitaka kabla hazijapigwa pasi."

Basi hilo ndilo lililokuwa likimvuta. Na chanzo chake kilikuwa shangazi yake aliyemlea. Yule shangazi alikuwa na uso wa wageni na uso wa wenyeji. Mgeni akibisha hodi, shangazi anachanua, karibu karibu, mpaka mgeni anajiona kafika peponi. Mgeni akiondoka na mlango ukifungwa, uso ule unaporomoka kama nguo iliyokatikiwa na kamba. Mtoto alikuwa akiyaona yote kutoka kwenye ufa wa mlango wa chumbani, kwa jicho moja. Akakua anaamini kitu kimoja tu: uso usiojua kuwa unatazamwa haudanganyi, na mwingine wowote, hata ukiwa mtamu kiasi gani, una lake jambo.

Mtu wa namna hiyo anaweza kupiga picha nzuri sana. Kuishi naye ni shughuli nyingine.

Mkewe alikuwa fundi wa cherehani. Nusu ya sebule yao ilikuwa karakana: cherehani dirishani, meza ya kukatia, sare za shule zimepangwa mafungu mafungu, nyuzi zimetapakaa hadi kwenye mto wa kulalia. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu, angalau zamani. Alizungumza huku akishona, na mumewe aliitikia "mm" huku amekodolea kompyuta, akizipitia sura za watu wa watu. Mke akisema sindano imekatika, mm. Akisema paa linavuja, mm. Siku moja akasema, "Nadhani nitajitupa kisimani," akaambiwa mm. Alicheka siku hiyo, lakini si kicheko cha furaha.

Na bado Mwewe alimpenda. Tuseme ukweli, hata kama ametuudhi. Alimpenda mpaka akiamka asubuhi alikuwa akisikiliza kwanza kama cherehani inalia, ndipo moyo wake utulie. Hakuwa na ndugu wa kumtegemea, na yule shangazi alishafariki. Mwanamke yule angeondoka, hakuna kitu kingebaki kwake ila mafungu ya picha za watu wasiomjua.

Kwa hiyo mkewe alipoanza kupokea simu nje, Mwewe akaanza kutega sikio. Zamani mkewe akipigiwa alipokea palepale huku akiendelea kukanyaga cherehani. Sasa ikilia aliangalia jina, akanyanyuka, akaenda kusimama uani.

"Nani huyo?"

"Kaka yangu."

"Kaka yako ana mambo mengi siku hizi."

"Anayo," mkewe akasema, akakaa, akatunga uzi.

Neno moja tu, lakini kwa mtu aliyelelewa kwenye ufa wa mlango, neno moja ni kitabu. Shemeji gani huyo wa kuongea naye uani? Mbona anajibiwa kwa sauti ya chini? Mwewe akaanza kuutazama uso wa mkewe kwa kuuvizia, kupitia kioo cha kabati, kupitia kimwanya cha pazia. Aliona mwanamke anafikiri. Anafikiri nini, uso haukusema.

Ndipo ikaja ile picha.

Alikuwa amesimama kwenye ngazi za ghala kuukuu, juu ya barabara ya mafundi, ile pana ambayo upande mmoja kuna welda na wachonga funguo na upande wa pili kuna ofisi za mabasi ya mikoani. Jua lilikuwa limeinama, milango ya bati yenye kutu imewaka rangi ya chungwa. Alikuwa na lenzi yake ndefu, ile inayovuta vya mbali vikaja puani. Mara mbele ya kutu ile likatokea doa la njano, mwanamke wa gauni la njano, mkono juu. Rangi ile juu ya kutu ilimkata pumzi. Kach! Akatazama nyuma ya kamera kama mwanga umekaa sawa, akaona umekaa, akapotelea kwenye kona kabla mwenye sura hajaja kudai.

Kesho yake studio haikuwa na mteja. Akaifungua picha kwenye kompyuta kubwa. Cheka-Kidogo akaja na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma yake.

"Lo! Hii umeipata, ndugu yangu. Tazama hiyo njano."

"Enhe."

"Na huyo mwanamke, mtazame anavyocheka! Huyo kamwona mtu anayempenda, hata huhitaji kuambiwa. Ndiye huyo jamaa aliye begani pake, nini? Kamwekea mkono na..."

Kikombe kikagota mezani.

"Nini?" Mwewe akauliza.

"Aa, hakuna."

"Sema, bwana."

"Mimi macho yangu siku hizi si mazuri," akasema Cheka-Kidogo taratibu. "Lakini huyo... si shemeji huyo?"

Mwewe akaikuza picha. Akaikuza tena. Nywele zilikuwa zimesukwa mtindo asioujua, gauni hakuwahi kuliona, lakini kidevu kilikuwa kile, na ile alama ndogo ya kuungua na pasi shingoni ilikuwepo. Ni mkewe. Na begani pake, shavu kwa shavu, alikuwepo mwanamume mnene kiasi, mdomo wazi kama anamnong'oneza sikioni, na mkono wake umetulia kwenye bega la mtoto wa watu kama uko kwao. Mkono wa mkewe ulikuwa umeinuka, unaufuata ule wa mwanamume.

Vyote hivyo angeweza kuvimeza. Kilichomchoma ni tabasamu. Lilikuwa tabasamu la meno yote, la macho, la mtu aliyefikiwa na habari njema. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alipewa yeye tabasamu kama lile. Na sasa alikuwa nalo hapa, kubwa kama skrini, amepewa mtu mwingine, na aliyelipiga ni yeye mwenyewe kwa mkono wake.

"Lakini tazama," Cheka-Kidogo akajaribu, "macho yake yako kwenye kamera. Anakutazama wewe."

"Kila mtu hutazama kamera akishtuka. Huo ni uso wa aliyefumaniwa."

"Aliyefumaniwa hachekelei, bwana."

"Kicheko kilibaki usoni, hakijapata muda wa kuondoka. Na kama aliniona, mbona jana hakuniambia? Eh? Mtu amwone mumewe barabarani, arudi nyumbani, apike, ale, alale, asiseme neno?"

Cheka-Kidogo akachukua kikombe chake. Akasema tu, "Wivu ni kidonda, ndugu yangu, ukishiriki utakonda," na Mwewe akamjibu kwamba methali aziweke kwenye chai yake anywe.

Jioni alirudi mapema. Mkewe alikuwa akiondoa vifungo kwenye sare kuukuu. Nywele ni zile za kwenye picha. Kumbe zilikuwa zimesukwa hivyo tangu jana!

"Ulitoka jana?" Mwewe akauliza, sauti ameilegeza makusudi.

"Nilitoka."

"Kwenda wapi?"

Mkewe akainua macho. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi.

"Unaniuliza wewe?" akasema.

"Namuuliza nani mwingine?"

"Basi," akasema mkewe, akarudi kwenye vifungo vyake. "Basi, baba. Yameisha."

Yameisha nini? Mwewe alisikia jeuri. Wewe ungesikia nini? Alilala ameupa ukuta uso, na mkewe akalala ameupa ukuta wa pili.

Tangu hapo mtu mzima akageuka panya wa nyumba. Alinusa kanga. Alimhesabia mkewe muda wa kwenda dukani. Alichungulia chini ya kitanda akakuta sanduku jipya, tupu, bado lina harufu ya dukani. Akalisukuma taratibu lirudi lilipokuwa. Na siku mkewe alipokwenda kuoga, aliufungua mkoba wake. Aibu gani! Alikuta kitambaa, sindano za akiba, na ufunguo mmoja mpya, unang'aa, umefungwa kwenye kamba nyekundu. Aliujaribu kwenye kila kufuli la nyumba ile, la chumbani, la kabati, la banda la nyuma. Haukufungua hata moja.

Ufunguo wa mlango usio wa kwao. Na yule mwanamume kwenye picha, ukitazama vizuri, kiunoni pake palining'inia pete ya funguo. Mwewe aliikuza mpaka funguo zikawa vidoa vidoa. Yote yakaingiana kama zipu. Mchonga funguo huyu! Kamchongea mkewe ufunguo wa kwake, na mkewe kabakiza kujaza sanduku tu.

Mnaona sasa? Mtu huyu huyu ndiye aliyewahi kumpiga picha askari wa barabarani ikaonekana kunguru kamkalia kofia, kumbe kunguru yuko juu ya nguzo huko mbali. Aliwahi kumpiga mzee mmoja ikaonekana kashika mnara wa simu kwa vidole viwili. Lenzi ndefu alikuwa akiijua kuliko anavyolijua tumbo lake. Alijua inavyoukunja umbali, inavyowabana watu wasiojuana wakaonekana wamelala kitanda kimoja. Angeletewa picha ile na mtu mwingine, angecheka mpaka akae chini. Lakini mganga hajigangi. Aliiamini picha kwa sababu aliipiga yeye, tena kwa kuvizia, na tangu utotoni kilichoviziwa ndicho pekee alichokiamini.

Akaichapisha kubwa, akaikunja kwapani, akautia ufunguo mfukoni, akaenda barabara ya mafundi kumtafuta mwanamume wake. Njiani alijitayarishia maneno. Alipanga kuanza kwa upole halafu apande.

Vibanda vya wachonga funguo vilikuwa vinne vitano, lakini kile kwenye picha kilikuwa na mlango uliopakwa rangi ya kijani nusu, rangi ikawaishia. Akakiona. Ndani mtu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameinamia tupa lake, anakwangua.

"Wewe ndiye mwenye kibanda hiki?"

"Ndiye mimi. Karibu, kaka. Ufunguo wa aina gani?"

"Simama tuongee."

Yule mtu akasimama. Jamani! Akaendelea kusimama. Bati la kibanda lilikuwa juu ya kichwa cha Mwewe, lakini yule ilibidi ainame ndipo atoke chini yake, na alipotoka na kujinyoosha, jua lilizimika. Wenzake walimwita Kontena, na kontena kweli. Mwewe alijikuta anazungumza na kitufe cha shati.

"Enhe, kaka. Tuongee nini?"

Maneno yote ya njiani yaliruka kama njiwa. Si kwa woga tu, ingawa woga ulikuwepo, tusimpake rangi. Ni kwamba jicho lake la kazi lilikuwa limeamka. Akaifungua picha, akaitazama, akamtazama Kontena. Akaitazama tena. Mkewe alikuwa mwanamke wa kimo cha kawaida. Angesimama karibu na mtu huyu, angemfika mbavuni. Kwenye picha walikuwa sawa, shavu kwa shavu. Mtu kama huyu, ili akae shavu kwa shavu na mkewe, alipaswa kuwa mbali. Mbali sana.

Akageuka. Barabara ilikuwa mbele yake, pana, ina tuta katikati, malori yanapita huku na huku. Ngazi za ghala zilikuwa kule juu. Na ng'ambo, karibu zaidi na ghala, kwenye ofisi ya vifurushi vya mabasi, ndipo palipokuwa na nguzo ambayo kwenye picha ilitokea ukingoni, karibu na mkewe.

"Huyu ni mimi!" Kontena akasema kwa furaha, ameichukua picha. "Lo, nimetoka mdogo! Hapa natundika tupa kwenye msumari, na mdomo huo namtukana jirani yangu, tulikuwa tunataniana. Na huyu mama namkumbuka."

"Unamkumbuka?"

"Nitaachaje? Gauni lile lingeonekana hata ukiwa umelala. Alitoka pale kwenye ofisi ya vifurushi, au alikuwa anaingia, sijui. Mara kamwona mtu juu ya ngazi za ghala, basi akafurahi huyo! Akapunga mkono. Akaita hata, lakini malori, nani atasikia? Mtu mwenyewe alikuwa na kamera. Kaielekeza kwake, kampiga. Mama kazidi kucheka, kazidi kupunga. Halafu yule bwana katazama kamera yake, kageuka, kaenda zake. Hakushuka, hakupunga, hakufanya nini. Mama wa watu kabaki kasimama na mkono juu, mpaka kondakta akamwambia apishe basi." Kontena akatikisa kichwa. "Nikasema moyoni, yule ama kipofu ama hana adabu. Unamjua?"

Mwewe akachukua picha yake, akaikunja vibaya, akaondoka. Tuta la katikati alilivuka bila kutazama malori, na dereva mmoja akamtukania ukoo mzima.

Tabasamu lile lilikuwa lake. Meno yote yale, macho yale, mkono ule. Aliletewa yeye, akalipokea kwa kioo, akalipima mwanga, akaondoka nalo kama alivyoondoka na ya watu wote. Halafu akakaa siku na siku akimwonea wivu mtu aliyepewa. Alikuwa akitembea, akakimbia, akatembea tena kwa aibu ya kukimbia, akakimbia.

Hakuisikia cherehani. Alisimama nje ya mlango kidogo, akasikiliza, hakuisikia. Alipoingia aliikuta imefunikwa kitambaa cheupe, sare zimefungwa kamba tayari kuchukuliwa na wenyewe. Sanduku lilikuwa mlangoni, halikuwa tupu tena. Mkewe alikuwa amekaa kwenye stuli yake dirishani, amevaa nguo za safari, mikono imetulia mapajani, jambo ambalo mikono ile haikulizoea.

"Nilikuona," Mwewe akasema, anahema. "Nimejua. Ulikuwa unanipungia mimi."

"Leo ndiyo umeniona?"

"Nilidhani... Nilidhani kuna mtu."

"Najua ulichodhani. Mkoba wangu si kipofu." Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa watu. Nimeutafuta nyumba nzima."

Akautoa mfukoni, akampa. Aliuliza ni wa nini, sasa kwa sauti ambayo angepaswa kuulizia tangu mwanzo.

"Wa chumba cha nyuma kwenye duka la kaka yangu, kule mkoani. Anataka nikamsimamie mafundi wake, nikae huko. Amenipigia nimekataa, amenipigia nimekataa, mwisho akaniletea ufunguo, akasema fikiri. Nilikwambia, mume wangu. Nilikwambia yote ukiwa umekaa hapo. Ulisema mm."

Mwewe akatazama chini.

"Siku ile nilikuwa nimeshaamua. Nilisema siendi, mume wangu ndiye huyu, na mtu huzoea hata paa linalovuja. Nikasuka nywele. Nikavaa gauni nililolishona mbele ya macho yako. Nikaenda kuurudisha ufunguo kwa basi. Mara nikakuona juu ya ngazi. Nikafurahi kama mjinga! Nikasema ashuke, aje anione naurudisha, tucheke, tutembee wote mpaka nyumbani." Akaugeuza ufunguo kiganjani. "Ukaniinulia kamera. Nikasema ameniona. Nilivyocheka, jamani. Halafu ukatazama kile kidubwasha chako, ukaridhika, ukaenda. Nami nikarudi nyumbani na ufunguo mkobani."

"Sikukujua kama ni wewe."

"Ndilo hilo. Kungekuwa na mwanamume, ungepata wa kugombana naye. Hakuna. Ulikuwa na mimi ndani ya kioo chako, mzima mzima, ukaniona gauni."

Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Jua la alasiri lilikuwa limefika dirishani, limepita kwenye pazia jembamba, likaanguka ubavuni mwa uso wake. Kitambaa cheupe cha cherehani kikaurudisha mwanga chini ya kidevu. Alikuwa hamtazami mtu wala hajifichi. Ulikuwa uso usio na pasi hata chembe, ule alioutafuta mitaani maisha yake yote, kwenye ngazi za maduka na midomo ya wauza ndoo, na kumbe ulikuwa sebuleni kwake.

Mwewe alitaka kupiga magoti. Alitaka kusema nisamehe, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni, namwamini kwa hilo. Lakini mkono una mazoea yake. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe, ukapita tumbo, ukaishika kamera kifuani, kidole kikakaa mahali pake.

Alipogundua aliiachia kama ameshika kaa la moto. Alikuwa amechelewa. Mkewe alikuwa ameuona, ameufuata kwa macho tangu ulipoanza kupanda.

"Hata sasa, mume wangu?" akauliza, kwa upole kabisa.

Hakungoja jibu. Alifuta uso kwa kiganja, akasimama, akalishika sanduku. Mlangoni alisema sare ziko tayari, wenyewe wakija awape.

Picha ile Mwewe hakuipiga. Amewaapia watu wengi, Cheka-Kidogo wa kwanza, na ni kweli, hakuipiga. Lakini anaijua mpaka leo ilivyokuwa, mwanga ulipoanguka na kivuli kilipoishia, na ukimuuliza mkewe alivaa nguo gani siku ile aliyoondoka, hakumbuki.